Maziwa ya jirani yaliniponya macho, nusura yaninyime mume

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nazipokea kabisa, marahaba, maana sidhani humu kuna aliyenizidi umri. Ninayoyasimulia yalinikuta mwenyewe. Sitii chumvi, hata daktari kanikataza.

Ni kijijini Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa na miaka kama saba.

Asubuhi moja nikaamka macho hayafunguki, tongo zimegandisha kope. Nalia, naita mama, simwoni.

Enzi hizo ukiugua macho unatafutiwa mwanamke anayenyonyesha. Mama akanishika mkono hadi kwa Mama Hemedi, jirani yetu, aliyekuwa na mtoto mchanga.

Akanilaza mapajani, akanifumbua jicho kwa vidole viwili, akakamua ziwa. Vuguvugu! Asubuhi na jioni, siku saba.

Mengine yalitiririka shavuni. Mimi nikatoa ulimi, nikalamba. Matamu, wakuu. Sikumwambia mtu.

Macho yakapona. Kilichobaki ni jina. Hemedi, mwanawe mkubwa, alikuwa akichungulia mlangoni anacheka, na tangu siku hiyo akaniita Ndama. Nilimchukia huyo!

(Kuna aliyewahi kupewa jina la utani likamganda maisha? Mtaniambia huko chini.)

Miaka ikapita. Sijui chuki ilikwenda wapi. Nikawa nikienda kisimani nazunguka makusudi nipite kwao, na yeye kila nikipita ana kazi uani. Mwisho wazee wake wakaleta posa. Nilifurahi hadi chakula hakipiti.

Shangazi yangu, dada wa baba, akaja juu. "Hawa ndugu! Wamechangia ziwa. Kijana mwenyewe anamwita Ndama. Ndama ni wa nani, kama si wa anayemkamulia?"

Kwetu Waislamu ndugu wa kunyonya hawaoani. Kijiji kizima kikaanza kunong'ona. Baba akasema hajibu posa mpaka aulizwe mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Bagamoyo mjini.

Siku ya siku wanaume wamekaa barazani, sisi wanawake ndani nyuma ya pazia. Mama Hemedi akaapa maziwa aliyatia machoni tu. Mama yangu akaapa vilevile.

Mwalimu akaniita kwa jina. "Binti, lipo tone lililoingia mdomoni?"

Mama akanifinya paja. Nikajua maana yake.

Wakuu, aliyejua ni mimi na Mungu wangu. Ningesema hapana, yamekwisha. Lakini nikajiuliza, nitalala vipi na mtu maisha yangu yote huku najiambia pengine ni kaka yangu?

"Ndiyo, Mwalimu. Nililamba."

"Nilisema mimi!" shangazi akaruka. Nikasikia makubadhi ya Hemedi yanashuka barazani. Anaondoka. Nikauma kanga nisipige kelele.

"We kijana, rudi ukae," Mwalimu akasema. "Binti, siku hizo meno yako ya mbele yalikuwaje?"

"Yaling'oka mawili, Mwalimu. Hemedi alikuwa akinicheka mapengo."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Mwenye mapengo kashapita ile miaka miwili ya kunyonya zamani! Kunyonya kunakozuia ndoa ni kwa mtoto mchanga, tena anyonye akinai, mara baada ya mara. Si kulamba shavu. Leteni kahawa."

Shangazi alinuna mpaka siku ya harusi. Siku yenyewe akapiga vigelegele kuliko wote, mnafiki yule. Nilimpenda.

Sasa juzi mjukuu wangu anayefanya kazi maabara kaniambia: "Bibi, maziwa ya mama yana kimeng'enya kinaitwa laisozaimu, kinatoboa ukuta wa bakteria. Kipo hata kwenye machozi, mate na makamasi."

Nikamwambia kwa makamasi, wewe ulijitibu sana utotoni.

Ila kaniasa, nami nawaasa: mtoto akiugua macho leo, hospitali. Maziwa nayo hubeba vijidudu, na macho hayana spea.

Nilichojifunza mimi? Ukweli niliodhani utaninyima mume ndio ulionipa usingizi miaka yote niliyolala naye. Mola amrehemu, aliniita Ndama mpaka siku ya mwisho, hata pale sauti ilipokuwa haitoki tena, kwa midomo tu. Namkumbuka jamani. Najifuta machozi hapa naandika.

Na mama mkwe, siku ya harusi aliinua ushungi wangu, akanitazama macho haya haya, akasema mbele ya watu:

"Ningejua yatakuja kumtazama mwanangu, ningeyakamulia ndimu."

Haya, waliotiwa maziwa machoni utotoni wajitokeze. Tusije kuwa ndugu.