Siri ya Jumamosi

Binti yangu alipokuwa darasa la pili alianza kutafuna kwa upande mmoja. Nilidhani ni jino linalegea tu. Siku aliyoamka shavu limevimba, nilimpeleka hospitali, hapa Machakos mjini.

Daktari wa meno, mama wa makamo, alimulika kinywani kwa muda mrefu.

"Mama, punguza switi," akasema. "Na soda."

Nilimwambia nyumbani kwangu hakuna switi. Nilisema kwa kujivuna kidogo, maana hilo nilikuwa nimelishikilia tangu mtoto aote meno. Shuleni alibeba viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Kwenye sherehe za watoto wa majirani nilimvuta mkono kabla keki haijakatwa. Majirani waliniita mchoyo. Mume wangu ndiye aliyenitetea: "Mwacheni, anajua anachofanya."

Daktari aliendelea kuandika bila kunitazama. Ndipo nikamgeukia mtoto.

"Mwambie daktari. Wewe hula switi?"

Alimtazama daktari, akanitazama mimi, akaanza kulia. "Baba alisema nisikuambie."

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha simiti Athi River na kurudi wikendi. Kila Jumamosi alimchukua mtoto, eti wakanyooshe miguu sokoni. Kumbe walikwenda hoteli moja nyuma ya stendi kula chipsi na soda, kisha akamnunulia switi za kutosha wiki nzima, na kumfundisha kuzificha kwenye mfuko wa sweta. Kabla ya kurudi alimfanya asukutue kwa maji. Hayo yote nilielezwa pale pale, kwa kwikwi, na mtoto wa miaka saba.

Gego moja liling'olewa siku hiyo. La pili tuliambiwa tusubiri uvimbe upungue.

Jumamosi mume wangu alipokuja, nilimwuliza. Hakukana.

"Mimi niko na siku moja tu na yeye," alisema. "Wewe uko na wiki yote. Nilitaka afurahi akiniona."

"Na mimi anione vipi?"

Switi ningezisamehe, hata chipsi. Kilichoniuma ni kwamba alinisifu mbele ya majirani ilhali ametoka kunizunguka, na kwamba mtoto wangu alikuwa akinitazama usoni mwaka mzima huku akijua.

Gego la pili nilimwambia aombe ruhusa kazini ampeleke yeye. Alirudi amembeba mgongoni, shati lina damu begani, na baba mwenyewe macho mekundu. Hakumnunulia switi tena, nijuavyo mimi.

Lakini sikuweza kuacha kushuku. Kila walipotoka pamoja, wakirudi nilimnusa mtoto kinywa. Baada ya muda alizoea. Akiingia tu mlangoni, kabla sijasema neno, alikuja akasimama mbele yangu na kupanua kinywa.