Mbuzi Juu ya Kanda ya Harusi

Nkatha alikuwa ameshatangaza, na maneno yakishatoka hayarudi. Alikuwa amepata habari kwamba Jerotich, mama wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake Kendi, anawaambia watu wa kanisa lao la ughaibuni, kule Ingleburn, kuwa Nkatha na marehemu Rufus hawakufunga ndoa yoyote, "walikutana tu kwenye ndege." Nkatha akajibu kwa ile sauti yake ya miaka kumi na miwili ya ualimu Meru: "Waje Jumamosi. Kanda ya harusi yangu ninayo."

Cheti pia alikuwa nacho, lakini kumtandazia mgeni cheti mezani ni kujipeleka kortini mwenyewe.

Siku ya Ijumaa, Hija, Mtanzania wa Tanga aliyefanya kazi ghala moja na Rufus, akamletea deki ya video nyumbani Merrylands. Kanda ilikuwa na mwandiko wa Rufus: HARUSI 1993. Hija akaisukuma ndani. Kwenye runinga akatokea mbuzi.

Mbuzi wa kuchorwa, wa kijani, anapanda ngazi. Akapanda vidato vitatu, picha ikaruka, ukaonekana mkono wenye glavu nyeupe umeshika kisu cha keki, kisha mbuzi tena.

"Bwana Hija, umeweka kanda gani?"

"Hiyohiyo uliyonipa, shemeji."

"Na huyu mbuzi alialikwa na nani?"

Hija akacheka, akauona uso wake, akaacha. Akaeleza kwamba Rufus alinunua kompyuta ya mitumba mwaka wa tisini na nane, akawa anachora katuni. Kila disketi ilibeba sekunde chache tu. Anaicheza, deki inarekodi. Anaisimamisha deki, anabadilisha disketi, anaendelea.

"Lakini deki ikisubiri zaidi ya dakika tano inajizima. Ukianza upya, hupatii palepale ulipoachia. Kile kijisehemu kilichorukwa ndicho harusi yako iliyobaki."

Nkatha akaitoa kanda, akaigeuza. Ubavuni palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa karatasi ya gundi.

"Hii ni nini?"

Hija akaigusa ile karatasi kwa ukucha. "Kitundu hicho kinazuia kanda isirekodiwe tena. Mtu akitaka kurekodi, anakiziba."

"Kwa hiyo alijua."

"Labda alidhani ni kanda nyingine, shemeji."

"Yenye mwandiko wake?"

Nkatha alielewa habari ya disketi na habari ya kitundu. Aliyemshinda kumwelewa ni Rufus, mtu aliyekunja hata vitambaa vya kufutia viatu, na aliyemwita "mwalimu" mpaka mbele ya daktari.

"Nina deki ya pili," Hija akasema. "Nikusanye vile vipande, nimtoe mbuzi."

Wakahesabu. Sekunde arobaini na moja: kisu, bega la kasisi, mgongo wa Nkatha ndani ya shela. Hakuna palipoonekana nyuso mbili pamoja. Kanda ya kuungaungwa namna hiyo ingenuka uongo.

"Iache ilivyo," akasema, bila kujua kama anajiokoa au anajizika.

Jumamosi Jerotich akaketi na mumewe Kiptoo, chai mkononi. Kanda ikaanza. Jerotich akatazama hadi mbuzi akafika kidato cha tisa cha ngazi.

"Mama Kendi, huyu ndiye mbuzi wa mahari?"

Kiptoo akapaliwa na chai.

"Ni wa Rufus," Nkatha akasema. "Alimrekodi juu ya harusi yetu. Kwa nini, sijui." Hakuwahi kumwambia mgeni neno "sijui" chini ya paa lake.

Jerotich akaweka kikombe chini. Kisha akamgeukia mumewe. "Mwambie yetu iko wapi."

Kiptoo akaangalia kikombe. "Ipo."

"Ipo wapi?"

"Chini ya fainali ya mpira."

"Nililia mwezi mzima!" Jerotich akasema. "Sasa mwanamume asiye na harusi angepata wapi ya kufuta? Yale ya ndege, mama, nitayafuta mwenyewe, palepale nilipoyasemea."

Nkatha akashukuru, akawaongezea chai. Jina la Rufus lilikuwa limesafishwa, hilo aliliona. Lakini lilikuwa limesafishwa kwa kosa lake, kando ya kosa la Kiptoo, na birika mkononi hakujua acheke au akasirike.