Matembezi ya Pasi na Povu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako mashuka yaliingia yamelowa chapachapa na kutoka yamenyooka kama karatasi, hakuna aliyemsikia mwenzake. Mashine zilinguruma kutwa nzima. Kwa hiyo wanawake waliosimama wawili wawili mbele ya rola ya pasi walijitungia lugha ya viwiko. Kiwiko mara moja ubavuni: peleka shuka. Mara mbili: rudisha, limejikunja. Na mwenzako akikukamata mkono akaubana bila kuuachia, huulizi kwa nini. Unakipiga teke kile chuma chekundu cha chini na mashine inasimama, maana huenda kidole kimenaswa.

Bibi Pasi na Povu walisimama pamoja mbele ya rola hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Majina waliyapata huko huko. Mmoja hakuweza kuvumilia kunyanzi hata kwenye tambara la kufutia meza. Mwingine maneno na vicheko vilimtoka kama povu kwenye beseni. Walistaafu, waume zao wakafa, wenzao wa chumba kile nao wakaenda mmoja mmoja, wao wakabaki. Walikaa jengo moja: Pasi ghorofa ya chini kwa binti yake na mjukuu, Povu juu yake, peke yake.

Kila asubuhi baada ya chai walitoka wakiwa wameshikana mikono. Dukani kwa mwoka mikate, kisha bustanini, kisha sokoni ikiwa miguu inakubali. Macho ya Bibi Pasi yalikuwa yamemsaliti siku nyingi. Watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, rangi na umbo, sura hakuna. Binti yake, ambaye aliuza dawa kutwa na kurudi jioni na miguu iliyovimba, alikuwa ameshasema neno lake. "Mama, kutoka peke yako sahau. Ukiwa na mama Povu sawa, yeye anaona."

Na kweli Povu aliona. Tatizo lilikuwa kwingine. Wakati wa baridi iliyopita, Bibi Pasi alipanda ngazi akamkuta amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, ufunguo mkononi, akiuliza kwa adabu kama mwenye nyumba yupo.

"Mwenye nyumba si wewe?" Bibi Pasi alicheka.

"Aa," Povu akasema. "Basi nifungulie."

Bibi Pasi alimfungulia. Tangu siku ile hakulicheka tena jambo hilo, na hakumwambia mtu.

Sababu alikuwa nayo. Povu alikuwa na mtoto mmoja, fundi wa lifti, aliyeishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa gari. Kila alipopiga simu alimaliza kwa maneno yale yale: "Siku mama akianza kuchanganya mambo, nakuja kumchukua." Aliyasema kwa mapenzi. Bibi Pasi aliyasikia kama mlango unaofungwa. Povu akienda, nani atampeleka bustanini? Binti ana kazi yake, mjukuu ana shule yake. Angebaki kwenye kiti cha dirishani akitazama rangi zikipita.

Basi viwiko vikarudi kazini. Povu akiulizwa swali, kiwiko kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana. Kichwa kilikuwa kimesahau lakini ubavu bado ulikuwa unakumbuka. Yeye akawa macho ya Pasi, Pasi akawa akili yake, na ukiwatazama kwa mbali ungeona vikongwe wawili wenye raha zao.

"Shikamooni mama zangu," mwoka mikate aliwapokea asubuhi moja, majani ya kwanza yalipokuwa yameanza kugeuka rangi na watu wameanza kutoa masweta kabatini. "Mkate mweupe kama kawaida?"

Kiwiko kimoja. "Ndiyo," Povu akasema.

"Na ile posa yangu, bibi Povu? Umekubali au unaendelea kunizungusha?"

Wakati huo huo mteja mmoja mwenye mfuko mkubwa alipita akamgusa Povu ubavuni.

"Ndiyo," Povu akasema, uso mkavu kabisa.

Duka zima liliangua kicheko. Mwoka mikate alijishika kifua. "Jamani mmesikia! Basi kesho nakuja kuongea na wakubwa!"

"Njoo umeoga," Bibi Pasi akadakia, na watu wakazidi kucheka.

Hicho ndicho kilichowaokoa miezi yote hiyo. Povu alijulikana kwa utani tangu ujana. Akisema jambo la ajabu, watu walishika mbavu wakisema huyu bibi hazeeki. Kadiri alivyopotea ndivyo alivyosifiwa kwa ucheshi. Bibi Pasi alicheka nao, akachukua mkate na kumvuta Povu nje.

Bustanini walikaa kwenye benchi lao. Kazi ya Povu ilikuwa kumsimulia mwenzake anachokiona.

"Kuna jani limeanguka," alisema. "Jekundu."

"Wanaotembea je?"

"Baba na mbwa. Mbwa anamvuta baba." Akawafuata kwa macho mpaka walipopinda. "Limeanguka jani. Jekundu."

"Kama yale ya jana."

"Jana tulikuja?"

Bibi Pasi akampapasa goti. "Tulikuja. Tunakuja kila siku, mwenzangu."

"Vizuri," Povu akasema. "Panapendeza. Ningependa kuja tena."

Wiki hiyo hiyo fundi wa lifti alipiga simu kwamba amepata mapumziko mafupi, anakuja kumwona mama. Bibi Pasi hakula vizuri tangu alipopata habari. Kila siku alipanda juu na kumfanyisha Povu mazoezi: huyu anayekuja ni nani, anafanya kazi gani, mke wake amejaliwa watoto wangapi. Siku nyingine Povu alipata yote. Siku nyingine alimtazama tu kwa upole, kama mtu anayengoja mgeni amalize shida yake aondoke.

Fundi alifika. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono ya grisi isiyotoka hata kwa brashi, mwepesi wa machozi. Alimkumbatia mama yake mlangoni, naye Povu akampigapiga mgongoni akisema, "Umenenepa," jambo ambalo lilikuwa kweli, na fundi akafurahi mno.

Siku ya pili Bibi Pasi akapanga matembezi ya wote. Aliona heri mama na mwana wasikae peke yao muda mrefu. Binti yake aliomba ruhusa kazini. Mjukuu, msichana wa miaka kumi asiyepitwa na jambo, alikuwa na likizo. Wakazunguka bustani polepole, jua likiwa limepoa, majani yakilia chini ya viatu, kisha wakaingia mkahawani ng'ambo ya barabara. Bibi Pasi akahakikisha amekaa kulia kwa Povu, mikono yao imepitana chini ya meza.

"Mama, unalala vizuri?" fundi akauliza.

"Ndiyo."

"Unasahausahau vitu? Gesi, milango?"

"Hapana."

"Si mpweke kule juu?"

"Hapana."

"Lo, mama siku hizi ana majibu ya mahakamani," fundi akasema, na binti wa Bibi Pasi akacheka.

Mjukuu alikuwa ameinamia meza. "Bibi, mbona unamgongagonga bibi Povu?"

"Kiwiko kinaniwasha. Kunywa supu yako."

"Kinawasha akiulizwa tu?"

"Hebu mwone huyu! Umetumwa na polisi?" Bibi Pasi alijikaza kisabuni, na meza nzima ikacheka, akiwamo Povu, aliyecheka kwa sababu wengine wanacheka.

Supu ikanywewa. Fundi alilegea, akafungua kifungo cha shati, akaanza hadithi za lifti zinazokwama na watu wanaotubu dhambi zao humo ndani. Mwishoni akaweka kijiko chini, akamgeukia Bibi Pasi. "Nilikuwa na wasiwasi wa bure," alisema. "Mama yuko vile vile. Mama mdogo, acha nikwambie ukweli, nilikuja na maboksi matupu kwenye gari. Nilidhani nitaondoka naye. Sasa naona nitarudi nayo vile vile."

Bibi Pasi alihisi mwili mzima umelegea, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Na hapo ndipo Povu alipoukamata mkono wake.

Aliukamata chini ya meza, juu kidogo ya kifundo, akaubana. Hakuachia. Bibi Pasi alimgeukia. Sura hakuiona, aliona weupe wa nywele na rangi ya kijani ya sweta. Lakini vidole alivijua. Katika miaka yote ya rola, Povu alimbana hivyo mara tatu, na mara zote tatu Bibi Pasi alipiga teke kabla hajafikiri.

Safari hii alifikiri. Alifikiria maboksi matupu. Alifikiria kiti cha dirishani. Bado kidogo tu, bili iletwe, wainuke, fundi aondoke zake kesho. Akamwinamia Povu sikioni.

"Vumilia, mwenzangu. Tunamaliza sasa hivi."

Vidole vikazidi kubana. Bibi Pasi akachukua kijiko kwa mkono wa pili na kuchota mabaki ya supu yaliyokwisha poa. Alimeza. Akamuuliza fundi kama lifti za siku hizi ni bora kuliko za zamani.

Fundi alikuwa katikati ya jibu Povu aliposimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikuwa akilia bila sauti, machozi yanashuka mpaka shingoni, na akamwambia mwanawe kwa sauti ndogo ya mtoto anayeshtaki:

"Baba, huyu mama simjui. Ananishika. Mwambie aniachie."

Wote walitazama chini. Mkono wa Bibi Pasi ulikuwa bado umeupitia mkono wa Povu, umekaza.

Aliuachia.

Hakuna aliyegomba pale mkahawani. Fundi alimfuta mama yake machozi kwa leso ya mezani, akamvika koti, akamtoa nje taratibu. Mjukuu alianza kulia kwa kuwa aliona watu wazima hawajui la kufanya. Nyumbani, Povu alipokwisha kulala, fundi alishuka akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Tangu lini, mama mdogo?"

"Tangu baridi."

"Hii iliyopita?"

"Hiyo."

Fundi alizitazama kucha zake. Bibi Pasi alingoja matusi, angeyapokea. Badala yake yule mwanamume alimshika mkono. "Asante kwa kumtunza," alisema. "Mimi mwanawe sikuwepo." Akapanda juu.

Matusi yangekuwa mepesi zaidi.

Binti ndiye aliyesema. Alivua viatu, akakaa akisugua nyayo, akaongea bila kumtazama. "Mnavuka barabara kuu kila siku. Wewe huoni, yeye hajui yuko wapi. Mama, kama angekutoka?"

"Nilikuwa nimemshika."

"Ulimshika kwa ajili ya nani?"

Swali lilikaa pale sebuleni kati yao, na binti, aliyekuwa na moyo laini kuliko mdomo wake, alijutia kulitoa, akaenda kuinjika chai. Usiku huo Bibi Pasi alijipapasa pale palipobanwa. Alama ilikuwapo. Alijaribu kujiambia kwamba Povu alibana kwa sababu ya hofu ya mgeni tu, kwamba halikuwa ombi kwake. Lakini hata mgeni, akibanwa hivyo, angesimamisha alichokuwa akifanya. Hilo ndilo hakuweza kulikwepa.

Maboksi yalijaa upesi. Maisha ya Povu hayakuwa na vitu vingi. Asubuhi ya kuondoka palikuwa na upepo, majani yanakimbizana kwenye kona ya ukuta. Bibi Pasi alishikwa mkono na binti yake hadi kando ya gari. Alikuwa amejiandaa kwa lolote: Povu asimjue, amwogope, alie. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kwa hayo.

Povu alikuwa ameshakaa mbele, amefungwa mkanda, koti zuri, mkoba mapajani. Akashusha kioo.

"Pasi! We mwanamke, umechelewa wapi?" Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya baridi. "Huyu kijana anatupeleka matembezini. Ingia basi."

Bibi Pasi aliegemea mlango wa gari. Kiti cha nyuma alikiona kama kivuli kimoja kikubwa. Maboksi yalikuwa yamefika mpaka kwenye paa.

"Wapi hapo nitakaa?" aliuliza, maana lazima aseme kitu.

"Nisogee? Tulishakaa pafinyu kuliko hapa." Povu akaanza kuhangaika na mkanda ili amwachie nafasi. "Nisaidie kufungua hiki, baba. Mwenzangu anaingia."

Fundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele.

"Tangulieni," Bibi Pasi akasema.

"Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usichelewe sasa. Unajua mimi sipendi kukaa kwenye benchi peke yangu."

"Najua."

Gari liliwashwa. Bibi Pasi alilisikia likiteremka barabarani, likasimama penye taa, kisha akashindwa kulitofautisha na magari mengine. Binti alisubiri kidogo, akatazama saa, akamwambia kwa upole kwamba hana budi kwenda kazini. Akamrudisha ndani, akamketisha dirishani, akamfunika magoti na kuacha redio ikiongea. Mlangoni aligeuka.

"Jumapili nikipata nafasi nitakutoa, mama."

"Ukipata," Bibi Pasi akasema.

Jumapili hiyo binti alilala usingizi wa uchovu hadi jioni, na mama yake hakutaka kumwamsha.