Ramani Juu ya Kaunta

Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliingia dukani Nyansiongo na mizigo mgongoni. Walisema wametoka kuona fukwe na magofu ya pwani. Wakakunjua ramani juu ya kaunta, na mume akaonyesha kwa kidole mashamba yetu, tuliyonunua juzijuzi walowezi walipoondoka.

Watu dukani wakasogea kuitazama.

"Mnaenda kwa nani?" jirani yangu akauliza.

"Hatuendi kwa mtu. Tunatembea tu."

"Waongo! Wamerudi kupima mashamba!" Akashika panga.

Mama mwenye duka akaitazama miguu ya yule mke, imejaa malengelenge. "Weka panga chini, baba. Anayekuja kuchukua shamba haji kwa miguu."

Jumatatu gari likaja kumpimia mkubwa mmoja kipande cha malisho yetu. Aliyeshuka na mkanda wa kupimia alitusalimia kwa Kigusii safi, lugha yetu, nasi tukamkaribisha chai.