Dumu la Mawese Lililoganda Ihanja

Niliondoka Kasulu kwa sababu Festo, mtoto wa dada yangu Anastazia, alikuwa amepata mchumba Ihanja, mkoani Singida, na nyumba ile haina mwanamume mwingine wa kutumwa kuposa. Mshenga anatakiwa awe mtu mzima mwenye maneno. Mimi nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo maneno ninayo kuliko yanavyohitajika. Dada akanikabidhi dumu la mawese aliyoyakamua kwa mikono yake, akaniambia nisirudi bila jibu. Festo, anayefanya kazi Dodoma pamoja na huyo mchumba, alinipigia simu kabla basi halijatoka stendi kuniuliza kama nimeshafika.

Kibondo, Kahama, Nzega. Dumu lilisafiri katikati ya miguu yangu muda wote. Igunga jua lilikuwa kali, na mawese yalikuwa yakicheza ndani kama maji. Nilijisikia fahari kuyabeba.

Tulipokaribia Singida mjini, upepo wa kipupwe ukatupokea, na kando ya barabara zikaanza chupa za mafuta ya alizeti, zimepangwa juani ziking'aa ili abiria wazione. Roho iliniuma kidogo. Mwanga na joto ndivyo vinavyoyachosha mafuta yale mapema mpaka yakatoa harufu ya zamani. Lakini nani atamwambia muuzaji auweke uzuri wa biashara yake gizani?

Ihanja nilipokelewa na Mzee Njiku, baba yake Neema, ndiye huyo mchumba, pamoja na Mama Zawadi, dada yake Mzee. Mzee ndiye mwenye nyumba, lakini nilitambua kabla ya maji ya kunawa kwamba anayeamua ni Mama Zawadi. Niliwaamkia, wakanilisha ugali wa uwele, mlenda na kuku, tukakubaliana kwamba mambo makubwa yasubiri asubuhi. Dumu likabaki barazani, penye upepo.

Asubuhi nilimkuta Mama Zawadi amelipindua dumu, mdomo chini, kifuniko mkononi. Hakikutoka kitu. Mawese yalikuwa yameganda, yametulia humo ndani kama yamehamia.

Hapo ndipo nilipojifunza desturi ya nyumba ile. Wao hukamua alizeti, na mafuta yoyote yanayoingia kwao hulala nje msimu wa baridi. Yakiamka yanatiririka, ni mazuri. Yakiganda, mtu ameyachanganya na yale mafuta mazito ya dukani. Mama Zawadi na kaka yake wakaongea Kinyaturu kwa muda, na nilichoambulia ni neno mawese na neno Kigoma, yote mawili kwa sauti isiyonipendeza.

"Mwalimu," akaniambia, "haya yamechakachuliwa. Kama mnatudanganya kwenye zawadi, binti yetu mtamfanyaje akishafika kwenu?"

Mzee Njiku akaafiki kwa kichwa. Niliogopa kweli. Posa ya Festo ilikuwa inafia ndani ya dumu, nami ndiye niliyelibeba.

Nikafanya ninachokijua. Nilikwenda jikoni, nikachukua kuni zilizonyooka na matawi machache yaliyopinda. Nikaeleza kwamba mafuta yote yameundwa kwa vijinyuzi vidogo visivyoonekana. Vya mawese vingi vimenyooka, kama kuni hizi. Baridi ikija vinalaliana, vinabanana, mafuta yanakuwa magumu. Vya alizeti vimepinda, kama matawi haya. Havipangiki, ndiyo maana yanabaki majimaji. Na yale mazito ya dukani, nikasema, mengi yanatokana na mchikichi huo huo, ni ndugu wa haya. Hilo la undugu sikupaswa kulisema. Mzee alinisikiliza kwa adabu ile ile ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambao baadaye hufeli. Mama Zawadi akasubiri nimalize, kisha akaomba kuni zake, kwani moto ulikuwa unazimika.

Neema alikuwa ameleta uji. Tangu nifike hakuwa amesema zaidi ya shikamoo, kama inavyompasa binti anayeposwa. Akaweka sufuria chini.

"Shangazi, hayajachanganywa. Kwao yanaganda hivi hivi kila asubuhi. Wanayachota kwa kijiko."

Mama Zawadi akamgeukia taratibu. "Asubuhi za kwao wewe umezionea wapi?"

Neema akauangalia uji. Mzee Njiku akakohoa. Mimi, niliyejua kwamba binti huyu alikula Krismasi Kasulu wakati nyumbani kwao wakiamini yuko kazini Dodoma, nililichunguza dumu kana kwamba sijawahi kuliona. Nilimwonea huruma sana, na nilimpenda papo hapo kama mkwe. Nikajikaza kusema kwamba alilala chumba kimoja na dada yangu, na ni kweli.

Mama Zawadi akalifunga dumu, akaliingiza ndani mwenyewe.

"Basi mafuta ni safi," akasema. "Kaeni tuzungumze mahari, kabla hajatusimulia na jioni za kwao."

Safari ya kurudi nilibeba dumu la alizeti. Mama Zawadi alilitoa kwenye stoo yenye giza, hakuyatoa kwenye chupa za kuuza walizozipanga juani mbele ya nyumba. Yaani huko gizani kemia yangu wanaijua. Ni barazani tu walipoikataa.

Kasulu, dada alishangilia jibu, akacheza. Kisha akaliacha dumu nje usiku, kama afanyavyo kwa mawese yake. Asubuhi akaniita.

"Kaka, hawa wakwe wametupunja. Mafuta gani haya, hata baridi haiyashiki? Wametia maji."

Nilikuwa nimeshainama kuokota kuni. Nikaziacha. Nimefundisha kemia maisha yangu yote, na ilibidi nifike Ihanja ndipo nijue kwamba mafuta ya watu huaminiwa na aliyeyala nyumbani kwao, basi.

"Dada," nikamwambia, "mwoze mwanao haraka. Shahidi wa mafuta haya ndiye huyo mkwe anayekuja."