Makonzi Mawili ya Ngun Zing

Siku hizi huku kwetu, juu milimani kwa kabila letu la Wachin, sadaka inatumwa kwa simu. Zamani ilikuwa konzi ya mchele. Kabla ya kuinjika chungu, mama wa nyumba alichota konzi moja akaitia kwenye kibuyu cha Bwana, na kila Jumamosi mjane Ngun Zing alipita nyumba kwa nyumba na kikapu mgongoni akiikusanya. Mchele ule ulimlisha mchungaji na kila mwenye njaa.

Kisha mianzi ikatoa maua na mbegu, panya wakazila, wakazaana, wakamaliza na mashamba. Binti yake Ngun Zing alilala na homa, tumbo tupu. Mama akachota kwenye kikapu cha Bwana, akafunga mlango, akapika uji. Mtoto akapona. Ngun Zing hakumwambia mtu.

Tangu hapo, kikombe cha Bwana kilipomfikia kanisani alikipitisha kwa jirani bila kunywa. Na kila alipopika alitia kibuyuni makonzi mawili badala ya moja, miaka nenda miaka rudi, akidhani ipo siku moyo utatulia.

"Mama, huyo Mungu wako ana njaa gani?" binti yake, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alimtania. "Na sisi tule nini?"

Moyo haukutulia. Alipoanza kukohoa vibaya aliogopa kufa bila kukigusa kikombe. Akaenda kwa mzee wa kanisa, Ral Hmung, akasema yote.

Mzee alimtazama. "Kwa hiyo pale msalabani Yesu alifanya kazi nusu, nusu akakuachia wewe na mchele wako?"

"Sikusema hivyo, mzee."

"Makonzi yako yamesema. Tena mchele ule ulikuwa wa wenye njaa. Ungeomba, tungekupa. Wewe ukaiba, ukajificha. Jumapili utakaa benchi la nyuma, la waliokosa, useme mbele ya watu."

"Mbele ya Dawt Iang pia?" Huyo alikuwa jirani yake, ulimi kama wembe, na mwaka ule wa panya watoto wake nao walilala njaa.

"Hasa mbele yake."

Benchi lile limeshapasuliwa kuni. Vijana wanasema lilikuwa la kuaibisha watu. Lilikuwa. Lakini sasa hakuna anayekalishwa nyuma, wala hakuna anayerudishwa mbele. Kila mtu anabaki na lake moyoni, anaimba kwenye kipaza sauti.

Ngun Zing alitii. Alisimama akasema. Mzee akawataka wanaompokea wainue mikono. Ikainuka yote, isipokuwa wa Dawt Iang. Watu wakamgeukia. Ngun Zing akainamisha kichwa.

"Mnanikodolea macho ya nini?" Dawt Iang akafoka. "Bega hili limekufa tangu mvua zianze! Niinulieni!"

Watu wakaangua kicheko, wakamwinua mkono.

"Na wewe, Ngun Zing," akaongeza, "uji umepika, hata kuniita!"

Ngun Zing alicheka huku machozi yakimtoka. Kikombe kilipofika alikishika kwa mikono miwili, akanywa.

Jioni alichota konzi moja, akaitia kibuyuni. Mkono ukarudi kwa mazoea kuchota ya pili. Akasita, akaimimina chunguni.

"Leo Mungu ameshiba?" binti yake akauliza.

"Ameshiba, mwanangu. Sogea tule."