Rula ya Shemeji

Mume wa dada yangu anafundisha historia, na kila Ijumaa baada ya masomo anafundisha kitu kingine, ambacho mkewe anakiita kuwafunza watoto wa watu ubishi. Yeye mwenyewe anakiita mdahalo.

Nimesikia watu wakibishana kwa lugha nyingi, sokoni, mipakani, kwenye vyumba vya kusubiria treni, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye koo pana. Nilipomwambia hivyo, shemeji alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Koo si hoja, shemeji. Ng'ombe naye ana koo. Njoo Ijumaa."

Nikaenda. Chumba ni cha mwisho kabisa, kando ya stoo ya viti vilivyovunjika, na dirisha moja halifungi. Wanafunzi husimama mbele. Yeye hukaa benchi la nyuma, ili anayenong'ona ajue kuwa hasikiki. Mvulana mmoja mrefu alikuwa akitetea sare za shule kwa moto wote. Pa! Shemeji akapiga rula ya mbao mezani. Bila hata kumeza mate, kijana akasema, "Lakini sare ni jela ya kitambaa," akaendelea kuziponda kwa moto uleule.

Nilishtuka. Nilidhani mtoto kachanganyikiwa.

"Wewe unafuga vinyonga," nikamwambia shemeji tukitoka.

"Nafundisha watu kusikia. Ukishindwa kuisema hoja ya mwenzako vizuri kuliko yeye, hujui unapinga nini."

Ndiyo kazi yake yote hiyo. Timu ikipewa mada, wiki ya kwanza hairuhusiwi kugusa upande wake. Inaandaa upande wa wapinzani. Halafu inachagua hoja chache zake yenyewe, na kila hoja iwe na mfano mmoja wa mtu wa kweli. "Takwimu usiyojua ilikotoka usiibebe, itakuangukia mguuni." Karatasi anazikusanya mapema, watoto wazoee kutazama macho ya watu. Kisha inakuja rula. Ikilia, unageuka upande. Ikilia tena, unarudi. Wamefanya hivyo mpaka kugeuka kumewakaa mwilini kama kupiga chafya.

Mwaka huu kulikuwa na jambo. Mwalimu mkuu, mama asiyerudia maneno, alikuwa amemwambia: kombe la mashindano ya mdahalo lije, la sivyo kipindi cha Ijumaa kinakwenda kwa hesabu. Mwalimu wa hesabu alikitaka kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya watoto waliobaki nyuma, na hilo ndilo lililomuuma shemeji. Adui mwenye nia njema hana pa kumshikia.

Wakafika fainali. Mada: shule za bweni zifutwe. Timu ya shemeji ilikuwa upande wa kupinga. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mkuu alikaa safu ya mbele na mkoba wake magotini. Mimi na shemeji tulikuwa nyuma yake. Sheria zilisomwa: mtu yeyote akitoa ishara kutoka kwenye viti, timu yake inatolewa. Kengele ingelia mara moja dakika moja kabla ya mwisho, kisha muda ukiisha.

Mzungumzaji wa mwisho wa timu ya shemeji alikuwa msichana wanayemwita Cherehani, kwa sababu akianza hasimami mpaka kitambaa kiishe. Kabla hajaanza, kengele ikagoma. Mtunza muda akaibonyeza, akaipuliza, akaigonga kwa kiganja. Kimya.

"Jamani, nani ana kitu cha kugongea?"

Shemeji ni mtu wa kusaidia. Akafungua begi, akatoa rula yake, ikapita mkono kwa mkono hadi mbele. Akakaa akiwa ametabasamu. Mimi pia nilitabasamu. Tulikuwa wajinga wawili.

Cherehani alianza vizuri ajabu. Alisema habari ya rafiki yake aliyekuwa anatembea gizani kwenda shule, ambaye bweni lilimpa taa, kitanda na usingizi. Watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Mkuu aliuweka mkoba chini.

Pa!

Shemeji aliushika mkono wangu kwa nguvu hata pete ikaniumiza.

"Lakini," akasema Cherehani, "niwaambie habari ya nyumbani kwetu." Sauti yake ilishuka. "Nilirudi likizo, mdogo wangu akajificha nyuma ya mlango. Akamwuliza mama, huyu mgeni atalala wapi? Bweni lilinipa kitanda. Nyumbani nikapoteza changu."

Wapinzani wao walitazamana midomo wazi, kisha mmoja wao akaanza kupiga makofi, akazuiwa. Mkuu aligeuka polepole kututazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na maofisa wa forodha.

"Mrudishe," nikanong'ona.

Kidole cha shemeji kilikuwa juu ya mbao ya kiti. Pigo moja tu lingetosha. Kikabaki hewani. Kisha akakikunja pamoja na vingine. "Siwezi. Nitawatoa wote."

Msichana akaendelea kuwajengea wapinzani nyumba yao, tofali juu ya tofali, bora kuliko walivyoijenga wenyewe. Pa! ya pili. Akafungua mdomo kurudi upande wake, akaiona rula mkononi mwa mtunza muda, akaelewa. Akafunika uso, akashuka.

Jaji mkuu alisimama akiwa amevua miwani. Alisema hajapata kuona jambo kama hilo: hotuba bora ya kuunga mkono mada imetolewa na upande wa kupinga. Kombe likaenda kwa wenzao, ambao walilipokea kama watu waliookota kitu cha jirani.

Jumatatu walimu walikutana. Nilikuwa barazani namsubiri shemeji, dirisha liko wazi, na mimi si mtu wa kuziba masikio. Rula ilikuwa mezani mbele ya Mkuu. Nadhani aliichukua mwenyewe kutoka ukumbini.

"Mwalimu wa hesabu, tuambie kwa nini kipindi kiwe chako," akasema.

Yule bwana akaeleza vizuri: watoto wanafeli, mtihani uko karibu, mdahalo umeleta aibu. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa.

Pa!

Wote waliruka. Ni Mkuu aliyepiga.

"Haya, geuka."

"Nigeuke vipi, Mkuu?"

"Kama yule binti."

Mwalimu wa hesabu alicheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akakohoa. "Basi... tuseme... yule binti aliposema habari ya mdogo wake, mimi nilimpigia mwanangu simu usiku ule. Yuko bweni. Sikuwa nimempigia muda mrefu." Akakohoa tena. "Na darasani kwangu hakuna mtoto anayeweza kunieleza kosa la mwenzake. Wananionyesha jibu tu. Wale wa Ijumaa wangeweza." Akakaa, amekodoa macho kama mtu aliyejiibia mfukoni mwake.

Shemeji aliinua kichwa, naye ameduwaa.

"Kipindi kaa nacho," Mkuu akamwambia shemeji. Kisha akafungua droo. "Hii rula nabaki nayo mimi."